Wafuta Vioo wa Mapepe

Watu wengi wakisikia habari za nchi ya Mapepe hudhani ni porojo za vijiweni. Sikudhani Kombo, mwalimu wa netiboli katika shule ya wasichana, alifika huko, akakaa msimu mzima wa mvua, na haya ndiyo yaliyomkuta.

Alikwenda kumfuata mdogo wake wa kiume, Hamdani. Huyu Hamdani alikuwa golikipa, tena golikipa wa kuogopwa, mpaka lori lilipomgonga na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Tangu hapo akawa anashinda uani, mgongo ameuelekeza barabarani, asije akawaona wenzake wakienda mazoezini na viatu wamevining'iniza shingoni. Kisha akasikia kwamba iko nchi ambako watu wanaishi ndani ya miwani ya michezo, na humo ndani kila mtu ana miguu miwili. Akamuaga mama yake peke yake, akaenda zake.

Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Sura yake ilionekana kwenye kioo imenawiri, inacheka, na mama alilala usingizi mzuri. Siku moja sura ile ikauliza, "Na baba hajambo?"

Baba yao alikwisha kufa zamani, na Hamdani mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza. Mama akaiondoa simu usoni. Halafu akamkabidhi Sikudhani, akasema, "Huyu anayeongea si mwanangu. Nenda kaniletee mwanangu."

Sikudhani hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Alifunga mzigo wake.

Mpakani mwa Mapepe alipokewa na Bwana Tegemea, Afisa wa Wageni, mtu mpole mwenye adabu. Raia wote wa nchi ile huvaa miwani nyeusi iliyoziba macho na masikio, lakini ya Tegemea ilikuwa imekatwa upande wa kushoto, kwa ruhusa maalumu, ili aweze kuona na kusikia wageni. Jicho lake lile la wazi lilikuwa linatokwa machozi kwa kukosa mazoea.

"Karibu, bibi mgeni," alisema. "Tafadhali usiwahukumu watu wetu kwa kile unachokiona. Unaona kidogo sana."

Alichokiona Sikudhani ni mji wa kuta zilizobambuka. Tegemea alimweleza kwamba rangi ilipigwa marufuku na Wizara ya Mandhari, kwa kuwa ndani ya miwani kila ukuta ulikuwa marumaru, na kupaka rangi ukuta wa nje ingekuwa kuitusi serikali. Kando ya kila barabara kulikuwa na kamba iliyofungwa kwenye nguzo za miti, na watu walitembea wameishika kamba kwa mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia ukipunga, ukikata hewa, ukisalimia wasioonekana. Mchana walikula uji mweupe usio na chumvi, wakilamba vidole na kusifu pilau.

Hakukuwa na mtu asiye na cheo. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye dimbwi la maji aliamkiwa kwa jina la Jemadari. Sheria ya pili ya nchi ilisema kwamba hakuna raia atakayeshindwa. Mchezo wenyewe ulijilegeza pale mchezaji alipolegea, na matokeo yake ni kwamba mabingwa walikuwa wengi mno. Baraza likalazimika kubuni cheo cha Bingwa wa Mabingwa, na walipojaa na hao, cheo cha Bingwa Asiyesemeka.

"Na jengo lile?" Sikudhani aliuliza. Lilikuwa jengo pekee lenye paa zima.

"Wizara ya Kesho," Tegemea alisema, sauti yake ikashuka kwa heshima. "Hapo ndipo inapotengenezwa miwani ijayo. Tumeahidiwa kwamba ijayo itamfanya mtu asikie nyasi chini ya nyayo."

"Nyasi hizo hapo, bwana afisa. Umezikanyaga."

"Zipo," alikubali. "Lakini hizi haziwezi kuboreshwa."

Alimpeleka hadi kwenye Jumba la Wachezaji, ukumbi mrefu wenye vitanda vilivyopangwa safu kwa safu. Sikudhani alimpita mdogo wake mara ya kwanza, hakumjua. Aliporudi alimtambua kwa kovu la begani. Hamdani alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, ndevu zimemfika kifuani. Mikono yake ilirukaruka hewani kama ya mtoto anayeota ndoto. Nyongani, pale mfupa ulipokandamiza godoro, kulikuwa na kidonda, na kidonda kilikuwa kinanuka.

Akaita, "Hamdani! Mdogo wangu!" Masikio yake yalikuwa yamezibwa. Akanyoosha mkono kuivua ile miwani, na Tegemea akamdaka kifundo cha mkono.

"Sheria ya kwanza, bibi. Mkono wa mtu haumvui mwenzake miwani. Ukimvua, utatolewa nchini leo hii na hutarudi tena. Mwenyewe akitaka kutoka, atavua. Kamuulize."

"Nimuulize vipi na hanisikii?"

"Ingia aliko."

Akapewa miwani ya wageni. Akaivaa, na papo hapo akawa amesimama uwanjani.

Sikudhani aliposimulia sehemu hii baadaye hakuwahi kuipunguza chumvi wala kuiongeza. Alisema ilikuwa nzuri. Majani yalikuwa yametoka kunyeshewa, jukwaa limejaa watu waliovaa njano, na golini alikuwepo Hamdani wake, kifua kipana, miguu yote miwili. Mpira ukapigwa kwenye pembe ya juu. Hamdani akachupa, akanyooka hewani mwili mzima, akautoa kwa ncha za vidole. Uwanja ukanguruma. Sikudhani, mwanamke aliyewafundisha wasichana wake wasilie mbele ya wapinzani, alilia palepale.

Hamdani alimwona, akaja mbio. Mbio! "Dada! Umeona ule?"

"Nimeuona."

"Sijafungwa hata bao moja tangu nije. Hata moja!"

"Hamdani, mama amenituma. Twende nyumbani."

Furaha ikamtoka usoni taratibu. "Nyumbani nina nini, dada? Magongo na watu wanaonionea huruma. Wewe mwenyewe ulikuwa unaniongelesha kama mgonjwa."

Hilo lilikuwa kweli, na Sikudhani hakulikana. Alisema tu, "Una kidonda. Nyongani. Kinaoza."

Hamdani akajipiga nyonga kwa kofi, kavu, yenye afya. "Kidonda gani? Gusa."

Sikudhani akagusa. Hapakuwa na kidonda. Kipenga kikalia, Hamdani akarudi golini, naye Sikudhani akabaki pembeni mwa uwanja mzuri kuliko wote aliowahi kuuona.

Mwingine angerudi nyumbani. Sikudhani alikwenda Barazani.

Alidai kitu kimoja: mwili wa Hamdani usikilizwe kama wadai na wadaiwa wengine wanavyosikilizwa. Aliruhusiwa kuhudhuria bila miwani, kwa kuwa ni mgeni, na Tegemea akawa anayafikisha maneno yake ndani ya miwani ya waheshimiwa. Waheshimiwa walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja ameelekea kwake. Watatu walikuwa wameukabili ukuta. Kuku alikuwa amelala mapajani mwa Spika, na Spika alimpapasa akisema, "Naomba utulivu, chui wangu anasinzia."

Mjadala uliendeshwa kwa adabu kubwa. Mheshimiwa mmoja alisema kuutambua mwili ni kuwarudisha wananchi gizani. Mwingine alisema mwili ni chombo cha kubebea macho, na chombo hakina sauti mahakamani. Mbunge wa upinzani, mtu aliyesifika kwa ukali, alipinga vikali: mwili si chombo, mwili ni mzigo, na mzigo hushughulikiwa na Idara ya Forodha. Walibishana juu ya chombo na mzigo mpaka uji ulipoletwa.

"Na kikifa je, hicho chombo?" Sikudhani alipaza sauti. Alikuwa na sauti ya viwanja viwili.

Spika akageukia upande asikokuwa Sikudhani. "Suala hilo lilikwisha kupatiwa ufumbuzi, bibi. Mwili wa raia ukikoma kupumua huko nje, sura yake huendelea kucheza, kama inavyowapigia ninyi simu raia akiwa mchezoni. Waheshimiwa kadhaa waliopo hapa ni wa namna hiyo, na mahudhurio yao ni mazuri kuliko yetu."

Sikudhani akatazama vile viti. Kweli, vingine vilikuwa vitupu, na mbele ya kila kiti kitupu palikuwa na bakuli la uji.

Ombi likakataliwa kwa kauli moja. Lakini kabla hajatoka, yule mheshimiwa mkali alianza kulalamika kwamba mandhari yake imefifia, jasho limetanda kwenye kioo. Akaitwa mwanamke mwenye kitambaa na ndoo. Yule mwanamke alimwinulia mheshimiwa miwani hadi kwenye paji la uso, akafuta kioo, akamrudishia. Kwa kitambo kile mheshimiwa alionekana mzee mdogo mwenye macho mekundu, anapepesa, anatafuta kitu asichokijua.

"Nani yule?" Sikudhani akamuuliza Tegemea.

"Mfuta kioo. Ni kazi ya wageni, raia hawaitaki."

"Lakini ameivua kwa mkono wake."

"Hapana, hapana. Ameifuta. Kufuta na kuvua ni vitu viwili tofauti kisheria."

"Basi niandikisheni," Sikudhani akasema. "Nataka kazi. Nipangiwe Jumba la Wachezaji."

Akapewa ndoo na kitambaa. Siku ya kwanza alipoinua miwani ya Hamdani, mdogo wake alifumba macho kwa mwanga, akakunja uso, akasema kwa sauti iliyokauka kwa kutotumika, "Nirudishie. Kuna kona inapigwa."

"Kioo kichafu," Sikudhani akasema. "Tulia nifute."

Akafuta. Akasuuza kitambaa, akakikamua, akafuta tena. Alipokuwa anafuta kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili aliosha kile kidonda kwa maji ya chumvi, na Hamdani alipiga yowe lililosikika hadi nje.

"Unaniua!"

"Umeanza kufa kabla sijaja. Tulia."

Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Hamdani alimtukana, akamwita mchawi wa furaha yake. Sikudhani aliendelea kufuta. Alimgeuza ubavu, akamnyoa, akaweka chumvi kwenye uji wake. Polepole matusi yakapungua, na asubuhi moja Hamdani akajitazama mwenyewe, kuanzia kifuani hadi pale mguu ulipoishia, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Na umekuwa mchafu kuliko kioo."

Akacheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, lakini kilikuwa kicheko.

Siku hiyo Sikudhani alikunja matambara ya zamani ya kufutia, akayafunga kamba yakawa mpira. Akasogea nyuma vitanda vitatu na kumrushia mdogo wake bila kumwonya. Hamdani akanyoosha mikono. Mpira ukampita katikati, ukampiga usoni.

Tangu aingie Mapepe hakuna mpira uliowahi kumpita. Alijigusa pua, akautazama mpira uliokuwa umelala kwenye shuka, na Sikudhani alidhani sasa ataomba miwani yake.

"Umerusha vibaya," Hamdani akasema.

"Nimerusha sawasawa. Wewe ndiye uliyechelewa."

Hamdani akaurudisha. Macho yake yalikuwa yamebadilika. Dada yake aliyajua macho yale, alikuwa ameyaona golini siku nyingi kabla ya lori.

"Rusha tena," akasema.

Kuanzia hapo kufuta kioo kimoja kulichukua asubuhi nzima. Wafuta vioo wengine, watu wa nchi mbalimbali waliokuja kutafuta riziki, waliona na kuiga. Mmoja alianza kumkalisha mgonjwa wake dirishani. Mwingine alimtoa mzee Jemadari dimbwini, akamfuta kioo juani mpaka nguo zikakauka. Uani mwa Jumba la Wachezaji kukawa na watu wamekaa kwenye mikeka, miwani iko mapajani mwa wafutaji, wao wanapepesa macho, wanajikuna, wanaulizana majina. Wapo waliogundua kwamba ni majirani. Wapo waliolia na kudai warudishiwe, na walirudishiwa, kwa kuwa Sikudhani aliwakataza wafutaji kumlazimisha mtu. "Akisema basi, ni basi," aliwaambia. "Kesho mfute tena."

Malalamiko yakafika Barazani: viwanja vilikuwa vinapwaya kwa kukosa wachezaji. Waheshimiwa wakajadili kufuta kioo ni kitendo cha muda gani. Upande wa serikali ulipendekeza urefu wa pumzi moja. Upinzani ukauliza, pumzi ya nani, ya sura au ya mwili? Kama ni ya mwili, Baraza litakuwa limeutambua mwili. Kama ni ya sura, sura hazipumui. Baada ya mvutano mkubwa wakafikia mwafaka walioupigia makofi wote: kioo kitahesabiwa kuwa safi pale mvaaji mwenyewe atakaposema ni safi. Waliridhika sana. Hawakuweza kumfikiria raia ambaye ataulizwa akasema vingine.

Tegemea aliletwa uani kuitekeleza sheria hiyo mpya. Pamoja na sheria alileta habari: Wizara ya Kesho imekamilisha miwani isiyoshika jasho. Haihitaji kufutwa, na ikishavaliwa haiinuki. Ya kwanza kabisa itakabidhiwa kwa golikipa asiyefungwa, Bingwa Asiyesemeka, Hamdani Kombo, mbele ya taifa zima.

Aliibeba kwenye mto mwekundu. Ilikuwa nyepesi, nzuri, laini kama ganda la yai.

"Bingwa," Tegemea alisema, "humo utasikia nyasi. Nimeijaribu mwenyewe. Utasikia umande unalowesha soksi za miguu yote miwili."

Hamdani alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Sikudhani alimwona akimeza mate. Alitaka kusema, akajiuma ulimi. Alikuwa amefika mwisho wa kile ambacho mtu anaweza kumfanyia mwenzake, na kilichobaki hakikuwa chake.

"Kwanza nitekeleze sheria," Tegemea akasema. "Miwani yako ya sasa, kioo chake ni safi?"

Hamdani akaipokea kutoka kwa dada yake, akaishika mbele ya uso, akaigeuza huku na huku. Kilikuwa kinang'aa, na kila mtu uani aliona kinavyong'aa.

"Bado," akasema.

"Samahani?"

"Bado ni kichafu, bwana afisa."

Kisha mzee Jemadari, aliyekuwa anaota jua, akainua ya kwake. "Hata hii bado," akasema. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akasema, "Na yangu." Wengine watatu wanne wakafuata. Na wengine, ni lazima isemwe, walisema zao ni safi, wakazivaa, wakalala chali kwenye mikeka yao.

Tegemea alibaki amesimama na mto wake. Sheria ilimtaka asubiri, wala haikusema mpaka lini. Jicho lake la wazi lilikuwa linachuruzika machozi, na safari hii hakulifuta.

Sikudhani na mdogo wake waliondoka asubuhi iliyofuata. Magongo hayakuwa yakipatikana Mapepe, kwa hiyo walikata nguzo mbili za kamba ya barabarani, wakazifunga matambara kwenye ncha za juu. Hamdani alikuwa bado dhaifu. Kabla ya saa nne alikwisha kuloa jasho, na kwapa zimechubuka.

Karibu na mpaka, barabara inashuka na changarawe ni nyingi. Gongo moja likateleza, Hamdani akaanguka kifudifudi. Sikudhani akatupa mzigo chini, akainama kumshika.

"Niache," Hamdani akasema.

Dada yake akarudi nyuma hatua moja, mikono imening'inia, haijui la kufanya. Hamdani akajigeuza, akakaa. Viganja vyake vilikuwa vimechanika na damu inatoka, na punje za changarawe zimeganda ndani. Alivitazama sana. Golini kule Mapepe alikuwa amechupa na kuanguka mara zisizo na idadi, na hakuna hata mara moja ardhi ilipomgusa.

"Inauma," akasema.

"Pole, mdogo wangu."

"Inauma sana, dada." Akavuta gongo la kwanza, akalisimika. Akavuta la pili. Akaukaza mguu wake mmoja, akajiinua hadi nusu, akarudi chini, akashika tena, akajiinua. Aliposimama alikuwa anahema kama mtu aliyemaliza dakika tisini.

"Haya," akasema, "twende kabla jua halijakuwa kali."